Alikuwa Kazini Siku Ile

Sogeeni wote, na mlango uacheni wazi, maana sina la kuwaficha majirani, na wakisikia wenyewe nitakuwa nimewapunguzia kazi ya kuulizana. Wewe mkubwa, ondoka hapo kizingitini, umesimama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Njoo ukae kwenye kigoda hiki karibu na miguu yangu. Binti yangu, wewe kaa hapa kitandani, upande huu ninaoweza kukuona. Najua hamjakaa chumba kimoja nyinyi wawili tangu mwaka jana, na najua kila mmoja ameangalia kwanza kama mwenzake yupo ndipo akaingia. Na wewe kitinda mimba, zima hiyo simu, kazini kwako wakikutafuta watakukosa, si mara yao ya kwanza kumkosa mtu. Daktari aliyekuja juzi aliwaita uani kuzungumza nanyi, akidhani miguu ikifa na masikio nayo yanakufa. Nilimsikia neno kwa neno. Kwa hiyo tusidanganyane. Leo nina pumzi ya kusema, ya kesho siijui, na ninalotaka kulisema linaanzia mbali kidogo, basi mnivumilie.

Nianze na babu yenu, baba yangu mzazi, ambaye nyinyi hamkumkuta. Alikuja mji huu kwa miguu kwa sababu ya kodi ya kichwa, maana serikali ya wakati ule ilidai fedha kwa mtu ambaye maishani mwake alikuwa hajawahi kuishika, na mahali pa kuipata palikuwa ni kwa wazungu wenyewe walioidai. Akaingia kiwanda cha viatu, kile kile mnachokijua, kuta zile zile za matofali, geti lile lile ambapo wewe mkubwa unasimama kila asubuhi kuchagua watu. Akapangiwa upande wa ngozi mbichi. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye mashimo ya chokaa, kuzivuta ngozi za ng'ombe zilizoloweshwa humo, nzito kama mtu aliyezirai, na kuzikwangua manyoya. Walifanya kazi hiyo pekupeku. Lishikeni hilo vizuri: waliotengeneza ngozi ya viatu hawakuwa na viatu. Wakimaliza walilala kwenye banda refu, juu ya mbao, na mke hakuruhusiwa kukanyaga pale, ndiyo maana mimi nikalelewa kwa bibi yangu, na baba nilimjua kama unavyomjua mgeni wa heshima, anayekuja mara moja kwa mwaka na pakiti ya sukari.

Siku moja chokaa ilimrukia machoni. Nyapara akammwagia ndoo ya maji usoni, akamwambia akae kivulini. Jioni akampa ujira wa nusu siku na kumwambia kesho asihangaike kuja, ameshapatikana mtu mwingine. Jicho moja likapona, la pili likafa. Karani wa stoo alimhurumia, akampa pea ya viatu vilivyokosewa, vyote viwili vya mguu wa kushoto, na baba yangu akarudi navyo kijijini amevibeba begani. Alivivaa kwenye misiba. Alikuwa akisema kwamba akivitembelea anahisi miguu yake kila saa inataka kukata kona.

Siwaambii haya ili mlie. Mzee alicheka na sisi tulicheka naye. Nataka mwone kitu kimoja tu: siku ile hakuna aliyesema uongo. Nyapara hakusema baba yangu hakuwepo kazini, wala hakusema alikuwa amelewa. Kwa nini ajisumbue? Hakuna aliyemwuliza. Mtu alikuwa kama jembe, mpini ukivunjika unachukua jingine, na jembe halina mtu wa kuja kulidai maelezo.

Niwekeeni mto vizuri hapa mgongoni. Hivyo.

Basi uhuru ulinikuta mimi msichana, na kabla sijaolewa nikaingia kiwanda hicho hicho, kwa mlango wa mbele, kwa sababu sasa wanawake nao walikuwa wanaandikwa kazi. Nilipangwa ukumbi wa kushona, safu za cherehani kutoka ukuta mpaka ukuta, na kelele zake hata ukirudi nyumbani zinaendelea kichwani. Tulishona sehemu za juu za viatu, ngozi mbili pamoja, uzi wa nta, na mtu akikosea mshono mmoja kiatu kizima kinarudi kwake. Tulikuwa na aproni. Wanaoshika gundi walipewa gilasi ya maziwa kila siku, sijui kama yalisaidia, lakini yalitolewa. Palikuwa na zahanati ndani ya ua. Palikuwa na likizo. Wewe mkubwa, ulipozaliwa nilikaa nyumbani nikinyonyesha na mshahara wangu unakuja, kwa hiyo wewe ulizaliwa na mshahara mwanangu, na ndiyo maana hata leo unapenda kulipwa kabla ya kazi. Cheka tu. Nimeona umetaka kucheka.

Sitaki mdhani ilikuwa peponi. Nasikia vijana wanasifia siku zile kama waliziishi. Mshahara ulikuwa mdogo, sabuni tulipanga foleni, na wakubwa waliowekwa na serikali walikuwa wanapita na viatu vya kiwanda kwenye buti za magari yao huku sisi tukipekuliwa vikapu getini. Lakini palikuwa na kitu kimoja ambacho baba yangu hakuwa nacho. Mtu akiumia, aliulizwa. Na niwasimulie jinsi ilivyokuwa, maana baba yenu yumo.

Nilikuwa na rafiki kwenye safu yetu, tukimwita Cherehani, kwa sababu mdomo wake nao ulikuwa hausimami mpaka umeme ukatike. Wakamhamishia mashine ya kukata soli. Ni mashine inayoshuka kwa nguvu kama mlango wa chuma, na ilikuwa na kinga mbele, kipande cha wavu kinachozuia mkono usiingie kisu kinaposhuka. Kinga ile ilikuwa inapunguza mwendo. Msimamizi alitaka mwendo, kwa hiyo akamwamuru fundi aiondoe. Fundi mwenyewe alikuwa baba yenu. Aliikataa amri mara ya kwanza, mara ya pili akaandikwa onyo, mara ya tatu akachukua spana akaifungua. Haikupita muda mrefu, Cherehani akaacha vidole vya mkono wa kushoto kwenye mashine ile. Nilisikia ukelele wake kupita mashine zote.

Ofisi ikatoa maneno yake: amejiumiza mwenyewe, alikuwa anapiga soga. Na kweli watu wakaanza kusema, ah, Cherehani yule, unamjua mdomo wake. Ndipo katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, kijana mwembamba aliyekuwa akivaa shati moja jeupe wiki nzima, akapita ukumbi kwa ukumbi. Hakupiga kelele. Alituambia tu tuzime mashine, tukunje mikono, tukae kwenye viti vyetu. Wanangu, nimewahi kusikia vishindo vingi, lakini ukimya wa kiwanda kizima ni kitu kingine. Mkurugenzi alishuka ngazi mwenyewe. Akauliza, kwa sauti ya kudhani hatajibiwa, "Ni nani anayejua mashine hii ilikuwa na hali gani?"

Baba yenu akasimama. Mimi nilikuwa na mimba ya huyu binti, nikamwona akisimama, na moyoni nilisema kaa chini mume wangu, kaa chini. Akasema, "Kinga niliifungua mimi, kwa amri ya msimamizi. Yule dada hakupiga soga. Hata angekuwa bubu mkono wake ungekatika."

Cherehani akalipwa fidia, akapewa kazi nyepesi stoo, akastaafu nayo. Msimamizi akahamishwa. Na baba yenu naye hakuachwa, alikuwa akingojea kupandishwa kuwa fundi mkuu, wakampa mtu mwingine aliyekuja nyuma yake, na mpaka kiwanda kinakufa hakupanda tena. Usiku ule ule tulipofika nyumbani nilimkasirikia. Nilimwuliza, "Umefikiria wengine. Na sisi je?" Akanawa mikono yake, akaniambia, "Sisi tuna mikono minne, mama watoto." Basi. Akakaa kula. Nilinuna siku kadhaa, kisha nikaona nanuna peke yangu.

Mwanangu, nipe maji kidogo. Si mengi, yananipalia.

Mnayajua yaliyofuata kwa sababu mlikuwa watoto na mliona njaa kwa macho yenu. Viatu vya mitumba viliingia kwa marobota, vizuri, vya bei ya kutupa, na hata sisi washonaji tulivinunua, nani angekataa. Vipuri vikakosekana. Zamu mbili zikawa moja, kisha siku nne kwa wiki, kisha tukawa tunakuja kufagia mashine. Halafu wakaja watu wa tai, wakasema serikali haina biashara ya kutengeneza viatu. Walikusanya watu uani, wakasoma majina, na ukilisikia jina lako ndiyo kwaheri. Kiinua mgongo kikatoka nusu. Nusu ya pili tunaingojea mpaka leo, na mimi naona nitatangulia kabla yake. Kwa ile nusu yangu na ya baba yenu tukainunua nyumba hii, iliyokuwa kota ya kiwanda, kwa sababu ilikuwa ama tuinunue au tutolewe vyombo nje.

Hapo pana kinyongo changu, na nataka nikitue leo. Yule katibu, mwembamba wa shati moja, aliyetukunjisha mikono kwa ajili ya Cherehani, ndiye aliyekaa kamati ya kuuza mashine. Alitoka na cherehani sita na mashine ya kukata soli, ile ile. Akafungua karakana yake. Sijamwamkia tangu siku ile, na kama angeanguka mbele yangu barabarani ningemruka. Sasa nimelala hapa nikiwaza, naona kwamba mtu yule alifanya jambo kubwa sana siku moja na jambo la aibu siku nyingine, na yote mawili ni yake, siwezi kumpokonya hata moja. Akija msibani mpeni kiti. Si cha mbele, lakini kiti.

Baba yenu alipoteza kazi lakini miguu yake ilikuwa haijaambiwa. Kila asubuhi alivaa ovaroli, akaenda akakaa ng'ambo ya geti, na mchana akarudi. Wengine walifanya hivyo pia, walikuwa kundi zima, wanazungumza kuhusu mashine kana kwamba ziko hai. Alipofariki, daktari aliandika presha. Mimi naamini alikufa kwa kukosa kitu cha kutengeneza.

Na mimi nikachukua sindano ya kushonea ngozi na nyundo ndogo, nikaenda kukaa kando ya barabara, mbele ya duka la vitabu, nikawa fundi viatu. Wanaume wenye kazi hiyo walinicheka. Wateja walisimama wakimtafuta fundi, nikawaambia fundi ni huyu. Nikashona mitumba ile ile iliyotufungia kiwanda, nikakulisheni nayo. Sina mengi ya kusema juu ya miaka ile. Tulikula mara moja kwa siku na wageni tuliwaomba waje wiki ijayo.

Lakini kuna jambo lazima nilitaje mbele yenu wote, kwa sababu kitinda mimba alikuwa mdogo na huenda halijui. Kaka yako mkubwa aliacha shule akaenda kubeba mizigo sokoni ili wewe usiache. Hakuambiwa. Siku moja alirudi na sare yake ameikunja, akaniambia, "Mama, hii mtunzie mdogo wangu, itamfaa akikua." Umesomea mgongoni kwake, mwanangu. Cheti chako kile, japo wanakupa mkataba wa miezi mitatu mitatu kama mtu anayekopeshwa kiti, na kila mara unasubiri kuambiwa kaa au ondoka, cheti kile kina jasho la huyu. Ndiyo maana sitaki mtu yeyote, akisikia nitakayoyasema sasa, aseme nilikuwa na mtoto mbaya. Sina mtoto mbaya.

Haya. Tumefika.

Kuta zile zilikuja kununuliwa na huyu mwekezaji, na sasa wanamimina ndala za plastiki. Sijaingia ndani, ila naambiwa mashine inayeyusha plastiki, inaifyatua ndani ya kalibu, kalibu inafunga, inafunguka, ndala imetoka, na mtu anaichomoa kwa mkono. Siku nzima umesimama. Hakuna aproni, hakuna maziwa, hakuna zahanati. Na hakuna mfanyakazi. Hilo ndilo lililonichukua muda kulielewa. Kiwanda kimejaa watu na hakina mfanyakazi hata mmoja, wote ni vibarua wa wakala. Asubuhi wanajazana getini, wakala ananyoosha kidole, wewe, wewe, wewe, wengine rudini kesho. Wakala ni wewe mkubwa. Ulianza kama kibarua, ukawa unaaminika, wakakupa watu. Sikukulaumu. Una watoto watano na mke mgonjwa, na kidole kilichonyooshwa ni afadhali kuliko shingo iliyonyooshwa kukitafuta. Na dada yako alipoachwa na mumewe akiwa na watoto, wewe ndiye uliyemwambia njoo, nitakuchagua kila siku. Na ulimchagua kila siku. Hilo nalo nalijua.

Kisha kalibu ikamfungia mkono, plastiki ikiwa ya moto. Binti yangu, wanyooshee. Wanyooshee, sisi ni wenyewe. Utazameni. Mkono wa kulia. Vidole vimeshikana kama vimeshonwa, na huyu alikuwa na mkono mwepesi, alikuwa anaweza kutia uzi kwenye sindano akitembea. Wenzake walimpeleka hospitali kwa mkokoteni, wakamwacha mlangoni, wakarudi mbio wasije wakakosa ujira wa siku.

Afisa kazi akauliza. Kwa sababu siku hizi kuna sheria, kuna ofisi, kuna kiti cha mbao cha kukalia mlalamikaji, na Mungu awabariki walioiweka. Kiwanda kikajibu: huyo si wetu, ni wa wakala. Afisa akamwita wakala. Na wakala akasema: siku hiyo dada huyu hakuwa kazini, sijui aliungulia wapi, labda jikoni kwake.

Nimelitafakari jambo hili mwaka mzima, nikiwa nimelala hapa. Nyapara wa baba yangu alikuwa mkatili lakini hakuhitaji kudanganya. Siku sheria ilipoingia ndipo uongo nao ulipopata kazi. Wanakulipa, mwanangu, kwa kazi ambayo zamani haikuwepo. Hawakulipi kwa kuchagua watu, hata mlinzi wa geti anaweza kuchagua watu. Wanakulipa ili siku ya kuulizwa awepo mtu wa kujibu badala yao, na mtu huyo akijibu wasivyotaka aumie yeye, na akijibu wanavyotaka aumie dada yake. Mwekezaji mwenyewe hajasema uongo wowote. Amekaa ofisini kwake msafi, kwa sababu uongo wake unausema wewe.

Usinitazame miguu. Nitazame uso. Nakuuliza mbele ya ndugu zako, na sitauliza tena. Siku ile dada yako alikuwa kazini au hakuwa?

Unasemaje? Sema kwa sauti, pumzi hii niliyobaki nayo si ya kunong'onezana. Eti ukisema, kazi inakwisha siku hiyo hiyo. Ndiyo, itakwisha. Na watu walio chini yako watachukuliwa na wakala mwingine. Ndiyo, watachukuliwa. Sijakuambia kwamba hutapata hasara. Baba yako alisimama akapoteza cheo, na hatukukirudisha, na hakuna aliyekuja kumshukuru ila Cherehani, ambaye alishukuru mpaka tukachoka. Sina cha kukudanganyia. Nauliza alikuwepo au hakuwepo.

Binti yangu, unataka kusema nini? Rudia, kaka yako amejifanya hakusikia. "Sitaki chochote chake. Nataka aseme nilikuwepo." Umesikia? Mwaka mzima watu wa mtaa huu wamemwambia kwamba aliungulia jikoni, na kaka yake ndiye aliyewapa maneno hayo. Hata mwanawe alimwuliza, mama, kumbe ulidondokea sufuria? Mkono umeungua mara moja. Hilo la pili linamwunguza kila siku.

Haya, mwanangu. Nasubiri. Nyinyi wengine msimsaidie.

...

Kwa sauti.

Alikuwepo. Haya. Umelisema, na paa halijaanguka. Lia basi, hakuna mgeni hapa. Mwacheni alie, kitinda mimba, usimpigepige mgongo kama mtoto aliyepaliwa, mwache.

Sasa nyumba. Nyumba hii isiuzwe. Najua mwekezaji anautaka mtaa mzima apate maghala, na najua amemtuma mtu kwako mkubwa, na labda alikuambia kwamba mambo ya dada yako yatasahaulika. Isiuzwe. Vyumba viwili vya mbele, vinavyotazama barabara, ni vya binti yangu, na vifaa vyangu vya kushonea viatu ni vyake. Mkono wa kushoto unafundishika, nimeanza kumfundisha, anakosea na anatukana, ndivyo nilivyokosea na kutukana mimi. Chumba cha kati na cha uani ni vya mkubwa, kwa sababu atahitaji mahali pa kuweka watoto wake kiwanda kitakapoacha kumlipa, na nataka ajue kabla hajaenda kwamba pa kulala pake papo. Kitinda mimba, wewe nakupa chumba hiki nilicholala, na kazi. Wewe unayejua kuandika na kusema na wakubwa, utakaa na hawa wawili kwenye ofisi ya afisa kazi, na baadaye utatafuta wale wengine walioungua mikono na kuambiwa waliungulia jikoni, kwa sababu si huyu peke yake, mtaa huu una majiko mengi yanayounguza mkono wa kulia tu. Na wewe mwenyewe, pale kazini kwako, ulizeni kwa nini mkataba hauvuki miezi mitatu. Usiulize peke yako. Nimesema ulizeni.

Deni la mtu sina. Nguo zangu mgawieni Cherehani kama yungali hai, anaishi nyuma ya shule, mtamsikia kabla hamjamwona.

Nimechoka. Sogeeni... sogeeni karibu, sauti inakimbia. Mkubwa, mwinue dada yako kidogo huyo, amekaa kwenye mkono wangu. Hapana, mshike tu. Mshike mkono wake huo huo ulioungua. Hauumi tena, umeshapona ngozi... Ndiyo. Kaeni hivyo.

Alhamisi ndiyo siku mliyoitwa tena kwa afisa kazi. Sikilizeni hili, na mtu asije akanipinga nikiwa siwezi kujibu. Ikiwa Alhamisi nimekwisha kufa, na watu wamejaa uani, watasema mtoto mkubwa hawezi kukosa kaburini, itakuwa aibu, watamshika mkono. Mkubwa, wewe nenda ofisini. Nenda na dada yako. Msiahirishe kwa ajili yangu, wakiahirisha mara moja wataahirisha mpaka mzeeke. Udongo wa kunifukia utatupwa na yeyote, mikono ya kutupa udongo haijawahi kupungua. Wa kusema alikuwepo ni wewe peke yako. Atakayemlaumu mwambieni mama ndiye aliyemtuma. Mwambieni... kitinda mimba, wewe ndiye utakayesimama kaburini, na utawaambia kwamba wako kazini.

Nimewasamehe yote. Na mimi nisameheni niliyowakosea kwa njaa na kwa uchovu. Mungu awape kazi isiyowatafuna... awape watu wa kukaa nao bega kwa bega... na siku mkiulizwa, awape mdomo. Watoto wenu nao... nao vivyo hivyo. Amina, itikieni.

Amina.

Fungueni dirisha. Hapana, liacheni... naona mwanga wa kutosha.

Alhamisi... ofisi wanafungua saa mbili. Mkubwa, ufike kabla ya foleni.